Hapana, Mheshimiwa. Asante.

Kwa miaka ishirini na miwili Ardith Pettway alianza siku yake kwa kusoma majina. Aliamka kabla ya mwanga, akachemsha kahawa, akasimama kwenye dirisha la jikoni na orodha mkononi, akayatamka kwa sauti ya mtu anayeongea na chungu: jina la kwanza, jina la ukoo, moja baada ya jingine. Walikuwa watu atakaosimama nao mahakamani siku hiyo, watu wasio na fedha ya kumweka wakili, ambao serikali iliwapa yeye.

Tabia hiyo ilitokana na aibu. Mwaka wake wa kwanza kazini alimwita mshtakiwa mmoja kwa jina la mwingine mbele ya jaji. Alipogeuka kumwomba radhi, yule mtu, aliyekuwa na pingu mikononi, alimfariji yeye. "Usijali, dada," alimwambia. "Hata waliponikamata walikuwa wanamtafuta mwingine." Ardith alicheka, na usiku huo hakulala. Tangu hapo akayasoma majina kila asubuhi, na hakukosea tena.

Alizaliwa Merrow, mji wa viwanda katika jimbo la Ohio, ambako baba yake, Elbert, alitengeneza vioo vya mbele vya magari na kurudi nyumbani na vidole vilivyochanjwachanjwa. Mama yake, Vernice, alipika katika shule ya msingi. Sheria aliisomea jioni, miaka minne, baada ya kushinda mchana kutwa kwenye kaunta ya benki. Wenzake wa darasani waliota ofisi zenye mazulia. Yeye alikwenda moja kwa moja kwa watetezi wa umma, ghorofa ya pili juu ya duka la kukodisha suti za harusi, ambako bomba la maji lilipiga kelele kuliko mawakili, na ambako kila wakili alibeba mafaili mia na zaidi.

Alikuwa mzuri kazini. Si wa kupiga meza wala kulia mbele ya wazee wa baraza. Aliuliza maswali madogo madogo kwa upole mpaka shahidi mwenyewe akajikuta amekaa mahali asipotaka. Lakini mara nyingi alishindwa, kwa sababu kazi yenyewe ndivyo ilivyo. Watu wengi walikuwa wamekwisha kukiri makosa yao, na lililobaki lilikuwa kuomba miaka ipungue.

Hapo ndipo alipojifunza kushukuru.

Siku hizo palikuwa na jaji mmoja, Orrin Mabry, mtu wa nywele nyeupe na mikono mizuri kama ya mpiga kinanda. Asubuhi moja Mabry alimsomea mteja wa Ardith adhabu, na Ardith, bado kijana, alisimama akapinga. Alitaja vifungu. Alitaja kesi. Jaji alimsikiliza mpaka mwisho, akatabasamu, akaandika kitu. Saa nane mchana Ardith alirudi mbele ya jaji yuleyule na mteja mwingine, mwanamke aliyekuwa ameiba hundi kwenye masanduku ya barua, mwenye watoto watatu. Mabry alimpa kila mwezi ambao sheria iliruhusu. Pale mlangoni askari wa mahakama alimwinamia Ardith sikioni. "Wakili," alisema, "wa asubuhi umemtetea. Huyu wa mchana umemponza."

Basi Ardith akajifunza, na alipokuwa mkubwa wa ofisi akawafundisha wengine. Adhabu ikishasomwa, jaji akauliza kama kuna la kuongeza, unasimama wima, unafunga kifungo cha koti, unajibu: Hapana, Mheshimiwa. Asante. Hata kama umepigwa. Hata kama mteja wako anatetemeka pembeni yako. Kesho utarudi kwa jaji huyohuyo na mtu mwingine, na huyo wa kesho hana kosa la kuulipia mdomo wako wa leo.

Baadaye mahakama ya rufaa iliweka kanuni. Baada ya kutoa adhabu, jaji wa chini sharti awaulize mawakili: mna pingamizi lolote ambalo hamjalitaja? Mwenye pingamizi alitaje papo hapo, ili kosa lisahihishwe kukiwa bado mapema. Akisema hana, asitarajie huruma kule juu. Ardith aliifundisha kanuni hiyo pia. Lakini ya shukrani aliifundisha kila siku, kwenye ngazi, kwenye maegesho, kwa mfano wake mwenyewe. Hii ya pili aliifundisha mara moja kwa mwaka, kwenye semina, baada ya chakula cha mchana.

Mwanafunzi aliyempenda kuliko wote alikuwa Corinne Szabo, msichana wa Kihungari kutoka upande wa pili wa reli, mwenye sauti ya kukwaruza na miguu isiyotulia. Corinne aliandika maelezo ya kila kitu. Aliiga hata namna Ardith alivyofunga kifungo cha koti.

*

Rais alipomteua Ardith kuwa jaji wa mahakama ya rufaa ya shirikisho, watu wa Merrow waliona ni mzaha. Majaji wa kule hutoka kwa waendesha mashtaka, au kwenye ofisi zenye mazulia. Nani alisikia wakili wa wezi wa hundi akipewa joho?

Kwanza ilibidi akae mbele ya maseneta. Walikuwa wameomba orodha ya kesi zake zote, naye aliwapa. Ilijaza masanduku mawili. Seneta mmoja, mzee mwenye sauti laini, alisoma majina ya wateja wake polepole, na baada ya kila jina akataja kosa. Majina yale ambayo Ardith aliyasoma dirishani kwa mvuke wa kahawa yalisomwa sasa mbele ya kamera, na kila moja lilianguka mezani kama kitu kilichotolewa mfukoni mwa mtuhumiwa. Kisha seneta akavua miwani.

"Wakili Pettway, siku ikija sheria inasema hivi na moyo wako unasema vile, utafanyaje?"

"Nitafuata sheria, Seneta."

"Hata kama aliyesimama mbele yako ni mtu kama hawa?"

"Hata hivyo," alijibu Ardith, akiwa amekula kiapo, na alimaanisha.

Alipita kwa tofauti ya kura mbili. Jioni mama yake alipiga simu. Vernice alikuwa ametazama kila dakika, amevaa gauni la kanisani sebuleni kwake peke yake. "Umekaa vizuri, mwanangu, mgongo umenyooka," alisema. "Ila yule mzee amekusema kama aliyekukuta unatoka na kuku wake."

Ofisini walimfanyia sherehe ya keki na juisi. Walikifunga utepe mwekundu kiti chake cha zamani, kile kilichokosa gurudumu moja, wakamkabidhi kama zawadi. Corinne Szabo alitoa hotuba huku midomo imejaa keki. "Bosi, usitusahau huko juu," alisema. "Ukituona tunaongea ujinga mbele yako, tufinye."

Watu walicheka. Ardith naye alicheka, akamfuta Corinne krimu kwenye kola. "Huko juu mkono haufiki," alisema.

Katibu wake, Bernadine, mwanamke wa miaka sitini aliyekuwa amepiga chapa kila hoja ya ofisi ile tangu siku za mashine, ndiye peke yake aliyefuatana naye. Alisema hawezi kumwacha Ardith mikononi mwa mgeni, maana mgeni hataweza kuusoma mwandiko wake.

*

Ilipita miaka sita. Maisha ya jaji wa rufaa ni ya kimya. Hakuna mashahidi, hakuna pingu, hakuna mtu anayekukamata mkono kwenye korido. Kuna karatasi. Majaji watatu hukaa kwenye jopo, husoma yaliyoandikwa kule chini, na siku moja mawakili huja kuzungumza kwa dakika kumi na tano kila upande, wakitazama taa ndogo ya kijani, ya njano, kisha nyekundu, inayowahesabia muda. Mwenye kesi mwenyewe haji. Yuko gerezani, mbali. Ardith aliendelea kusoma majina alfajiri, lakini sasa yalikuwa machache, na hakuwa na mtu wa kuyaambia.

Mwezi wa Oktoba lilikuja faili la Tyrus Beale.

Beale alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne. Alikutwa na bunduki na dawa za kulevya kwenye gari, akakiri. Mwongozo wa adhabu ulisema miaka tisa hadi kumi na moja. Wakili wake aliomba tisa, na aliambatanisha barua moja, ya mama yake Beale, Odessa, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja, ambaye damu yake ilisafishwa na mashine mara tatu kwa wiki, na ambaye hakuwa na mtoto mwingine. Barua ilikuwa ya kurasa mbili, kwa mwandiko ulioegemea kulia kama nyasi kwenye upepo. Haikusema kwamba mwanawe hakukosa. Ilisema: *Daktari ananihesabia miaka kama kumi nikijitunza. Mimi najitunza. Naomba tu hesabu zikutane.*

Jaji wa chini alitoa miaka kumi na mitano. Alisoma namba kutoka kwenye karatasi. Hakusema kwa nini ameuvuka mwongozo kwa miaka minne. Barua hakuitaja hata kwa neno moja, na sheria inamtaka jaji aeleze sababu. Hilo lilikuwa kosa, na kosa la wazi kabisa, kama tundu kwenye soksi. Ardith aliposoma aliona moyo umemruka, maana kosa la namna hiyo huirudisha kesi kule chini ili mtu asomewe adhabu upya.

Kisha akafungua ukurasa wa thelathini na moja wa mwenendo wa shauri.

*Mahakama: Wakili, una pingamizi lolote ambalo halijatajwa?*

*Wakili wa mshtakiwa: Hapana, Mheshimiwa. Asante.*

Alijua kabla hajatazama jina. Alilisikia lile koti likifungwa kifungo. Alirudi ukurasa wa kwanza, na jina lilikuwa pale: Corinne Szabo.

Alikaa na faili mapajani mpaka kahawa ikapoa. Kama pingamizi lingetolewa, neno moja tu, kesi ingerudi. Bila pingamizi, Beale alipaswa kubeba mzigo mkubwa zaidi: kuthibitisha kwamba kwa maelezo bora adhabu yake ingekuwa nyingine. Na miaka minane nyuma jopo jingine la mahakama ileile lilikwishaamua, katika kesi iliyofanana na hii kama mapacha, kwamba ukimya wa jaji peke yake hautoshi. Jopo haliwezi kutengua uamuzi wa jopo lililotangulia. Mlango ulikuwa umefungwa, na ufunguo ulikuwa umepitishwa mkononi mwa mtu aliyeshukuru.

Alikwenda kwa Jaji Hollis Trautwein, mkuu wa jopo, mzee wa miaka sabini na minne aliyekuwa na desturi ya kula tufaha zima pamoja na kokwa zake. Alimweleza kwamba Szabo alikuwa chini yake zamani. Aliuliza kama haifai ajiondoe. Ndani ya nafsi yake alijua alikuwa anaomba ruhusa ya kukimbia.

Trautwein alitafuna, akafikiri. Alimuuliza kesi ilianza lini. Ilianza miaka minne baada ya Ardith kuondoka. Alimuuliza kama serikali imelalamika, haikulalamika. "Basi kaa," alisema. "Kila aliyewahi kumfundisha wakili akijitoa, humu tutabaki na wafagiaji."

*

Siku ya kusikiliza, mtu mmoja tu alikaa kwenye viti vya nyuma. Alikuwa mwanamke mzee mwembamba mwenye kofia ya rangi ya zambarau na koti ambalo hakulivua, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa juu kidogo ya kiwiko, pale panapochomwa sindano ya mashine. Hakuna aliyemtambulisha. Familia hazina kawaida ya kuja kule. Safari ni ndefu, na hakuna linalosemwa wanaloweza kulishika. Ardith alimtazama mara moja, kisha akaweka macho yake kwenye karatasi.

Corinne alisimama, akafunga kifungo cha koti. Alikuwa ameongezeka mvi mbili tatu na utulivu wa miguu. Alizungumza vizuri. Alisema adhabu isiyo na sababu si adhabu bali ni namba tu. Alisema mtu aliyeandikiwa barua kama ile alistahili jibu, hata kama jibu ni la. Taa ilikuwa kijani.

Trautwein aliinama kwenye kipaza sauti. Hakuwa na ukali. "Wakili Szabo, uliulizwa kama una pingamizi."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na ulijibu huna."

"Nilijibu hivyo."

"Ukashukuru."

"Nikashukuru."

"Nisaidie nielewe kwa nini."

Corinne alishika kingo za meza ya kuzungumzia. Hakumtazama Ardith, alimtazama Trautwein usoni kabisa, kama mtu anayevuka ubao mwembamba na kuchagua kitu kimoja cha kukikodolea macho. "Ni mazoea, Mheshimiwa," alisema. "Nilifundishwa kushukuru. Adhabu ilikuwa imenipiga, na mdomo ukasema uliyoyazoea."

Ardith alihisi uso wake ukipata joto chini ya taa za ukumbi. Alikuwa amebakisha njia moja, nyembamba, nayo alikuwa ameiandaa tangu juzi. Alisogeza kipaza sauti chake.

"Wakili Szabo, katika maombi yako ya maandishi, kabla ya adhabu, ulieleza kwa kirefu habari za barua. Je, popote mle, hata kwa maneno mengine, ulimwomba jaji aeleze sababu endapo atavuka mwongozo?"

Sasa ikabidi Corinne amtazame. Ardith aliona kwamba ameelewa. Mlango ulikuwa umeachwa wazi kiasi cha unene wa kucha. Kulikuwa na sentensi moja katika ukurasa wa saba, sentensi legelege, ambayo wakili mwenye njaa angeweza kuivuta mpaka ikafika. Angeweza kusema ndiyo. Si uongo kamili.

Lakini Ardith alikuwa amemfundisha jambo jingine pia, la kwanza kabisa, siku ya kwanza kabisa, kwenye ngazi za duka la suti: mteja wetu hana fedha, hana rafiki, hana jina zuri, kitu pekee anachokipata kwetu ni kwamba tukisema kitu mahakamani, jaji anajua ni kweli.

"Hapana, Mheshimiwa," alisema Corinne. "Niliomba adhabu ndogo. Hilo la sababu sikuliomba. Natamani ningeliomba."

Taa ikawa njano. Wakili wa serikali alipopewa zamu yake alitumia dakika sita tu, akaacha tisa mezani, kwa kuwa hakuhitaji zaidi. Mwishoni Corinne alikusanya karatasi zake, akainamisha kichwa mbele ya majaji watatu, na kabla hajajizuia mdomo ulikwishatamka: "Asanteni, Waheshimiwa." Nyuma yake yule mama mzee aliona wakili anashukuru, akadhani ndiyo adabu ya pale, naye akainuka na kofia yake ya zambarau, akasema asante.

*

Majaji hupiga kura siku ileile, katika chumba kidogo nyuma ya ukumbi, na kwa desturi yao mdogo kwa miaka ya kazi husema kwanza, ili asije akayumbishwa na wakubwa. Kwa kesi zilizo wazi ni heshima. Kwa ile ya Beale Ardith alitamani angekuwa mzee kuliko wote duniani, aseme wa mwisho.

"Anza, Ardith," alisema Trautwein.

Alianza mbali. Alisema kosa lipo. Alisema barua ilistahili jibu. Alijaribu kuitofautisha kesi ya miaka minane nyuma, akataja tofauti mbili, na alipokuwa akizitaja alisikia zinavyosikika, kama mtu anayejaribu kufunga mlango kwa uzi. Aliacha katikati.

"Inatubana," alisema mwishowe. "Sioni pa kupita. Nathibitisha adhabu."

Jaji Lindquist, wa tatu, alikuwa mwendesha mashtaka kwa miaka kumi na tisa na hakuwa mtu wa maneno. Alikubaliana. Kisha akazungusha kalamu yake. "Ile barua imenikaa hapa," alisema, akigusa chini ya koo. "Nasema tu."

Trautwein naye alikubali. Kama mkuu wa jopo, kazi yake ilikuwa kuchagua nani ataandika hukumu. "Utaandika wewe," alimwambia Ardith.

"Kwa nini mimi, Hollis?"

"Nikiandika mimi itakuwa kurasa nne, na hakuna mtu atakayejua tulisoma nini. Ukiandika wewe, yule mama atajua imesomwa."

Alisema hivyo kwa huruma, na Ardith alijua ni huruma. Mchana walikwenda kula tambi zenye mchuzi wa nyama na kilima cha jibini juu, kama kila wiki ya vikao. Trautwein alisimulia habari za mjukuu wake na mbwa aliyekula zulia. Ardith alicheka panapostahili, na hakumaliza sahani yake.

Aliandika kwa wiki tano. Aliandika rasimu moja na nyingine na nyingine, na kila asubuhi alipoirudia aliikuta inamfukuza. Bernadine alipiga chapa kila toleo bila kusema neno, mpaka lile la tisa, ambalo Ardith alikuwa ameongeza ukurasa mzima juu ya mama anayejitunza. Bernadine aliuleta ukurasa ule peke yake, ameushika kama samaki.

"Huu unamwandikia nani?" aliuliza.

"Kwa nini?"

"Maana mwisho wake bado unamfunga mtoto wake. Ningekuwa mimi ndiye yule mama, ningetaka ufike haraka."

Ardith aliufuta. Akabakisha mistari mitatu. Aliandika kwamba jaji wa chini alikosea. Kwamba barua ya Bi Odessa Beale ilikuwa na haki ya kujibiwa na haikujibiwa. Kwamba kwa uamuzi uliotangulia mikono ya jopo imefungwa. Chini kabisa, kwa jina lake peke yake, aliongeza maoni akiiomba mahakama nzima, majaji wote kumi na sita, waufikirie upya uamuzi ule wa miaka minane nyuma. Juu ya yote, kwa herufi nzito, palikaa neno ambalo hakuna namna ya kulilainisha: *Tunathibitisha.*

Hukumu ilitolewa Jumanne, mwezi wa Desemba. Ombi la kusikilizwa na mahakama nzima lilipigiwa kura mwezi uliofuata. Watano walikubali. Walihitajika tisa. Trautwein alikuwa miongoni mwa watano, na asubuhi ile Ardith alikuta tufaha juu ya meza yake.

Corinne hakupiga simu, wala hakupaswa kupiga. Ardith alisikia kwa Bernadine, aliyesikia kwa mpishi wa mkahawa wa chini ya ofisi ile ya zamani, kwamba Szabo siku hizi anapinga kila kitu. Mbele ya kila jaji, kila adhabu, hata ile ndogo aliyoiomba mwenyewe. Majaji wamemchoka. Wiki iliyopita mmoja wao alimpa mteja wake wa mchana miezi yote iliyoruhusiwa na sheria.

*

Mwezi wa Februari, siku ya theluji chafu, Bernadine aliingia chumbani akafunga mlango kwa kisigino. Mkononi alikuwa na bahasha nyeupe, ameishika kwa vidole viwili.

"Ya kwako," alisema. "Imepita kwa posta ya kawaida, sijui ilikwepaje ukaguzi wa barua kule chini."

Ardith aliutambua mwandiko kabla ya jina. Uliegemea kulia, safari hii zaidi, kama nyasi zilizolala kabisa. *Kwa Jaji Pettway, mkononi.* Na nyuma, kwenye pembe: O. Beale.

Sheria ni fupi juu ya hilo. Jaji hapokei barua ya upande mmoja bila upande mwingine kujua. Na Beale, kesi yake ingeweza kurudi tena kwa njia nyingine, miaka ijayo, huenda kwa jopo hilohilo. Barua inarudishwa bila kufunguliwa, pamoja na karatasi iliyochapwa tayari yenye mistari miwili ya kueleza kwa nini, na nafasi moja tupu ya kujaza jina.

Aliishika. Ilikuwa nyepesi. Karatasi moja, alikisia, iliyokunjwa mara tatu. Katikati palikuwa na kitu kingine, kigumu kidogo na chembamba, labda picha. Alikipapasa kwa kidole gumba mpaka akapata kingo zake nne, kisha akajizuia.

Bernadine alikuwa bado amesimama. "Naweza kuisoma mimi," alisema. "Halafu nisikwambie."

"Halafu utanitazama usoni wiki nzima, nami nitakuwa nimeisoma."

"Naweza kuvaa miwani ya jua."

Ardith alitabasamu, kisha tabasamu likaishia mahali fulani kabla ya macho. Barua ile ingeweza kuwa laana. Ingeweza kuwa habari kwamba daktari amebadilisha hesabu. Ingeweza pia kuwa kitu kibaya kuliko hivyo vyote, shukrani, kwa ile mistari mitatu iliyotaja jina la mama yule na kusema kwamba barua yake ilikuwa na haki ya kujibiwa. Mama yule alikuwa na adabu hiyo. Aliionyesha ukumbini, na kofia yake kichwani.

Alichukua ile karatasi iliyochapwa tayari. Kabla ya kuandika alilitamka jina kwa sauti, kama alivyofanya na kila jina maisha yake yote, asije akakosea. "Odessa Beale," alisema. Lilikuwa jina zuri kulitamka. Akalijaza kwenye nafasi yake, akaibana karatasi juu ya bahasha kwa kibanio, akampa Bernadine.

Bernadine alipokea, akaigeuza bahasha mara moja, akaibana kifuani kwenye sweta yake. Nje theluji ilikuwa ikiteleza kutoka kwenye paa kwa mapande.

"Kuna jingine?" aliuliza.

"Hapana," alisema Ardith.

Neno linalofuata lilikuwa tayari mdomoni, limekwisha kupanga foleni nyuma ya meno kama lilivyopanga miaka yote. Alilisikia likisubiri. Alifunga mdomo, akamtazama Bernadine mpaka mlango ukafungwa.